Bewick, Morris, karatasi moja ya Gould au Jackson wa 1938: uanze na kipi kukusanya vitabu vya kale vya ndege?

Mpenzi wa ndege akishafungua kitabu cha karne ya 18 au 19 ambacho kila manyoya yamechorwa kwa mkono, hatosheki tena na picha za simu. Anataka chake. Hapo ndipo anapokwama: fedha aliyoweka inatosha kitu kimoja, matangazo ya wauzaji ni mengi, na kila muuzaji anasema chake ni adimu. Walioko Nairobi, Dar es Salaam, Mombasa au Muscat wana mzigo wa ziada, kwa kuwa vitabu hivi karibu vyote huagizwa kutoka ng'ambo, na vikifika hukutana na joto na unyevu ambao havikutengenezewa.

Ulinganisho huu unamhusu mtu huyo. Umepangwa kwa njia nne za kuanzia, zote zikiwa ndani ya uwezo wa mtu mwenye kipato cha kawaida anayejiwekea akiba. Kitabu kikubwa cha Audubon cha ndege wa Marekani, kile cha 1827 hadi 1838 chenye picha 435 na kurasa zenye urefu wa karibu mita moja, nimekiacha nje. Nakala kamili zinazojulikana ni kama 120 tu duniani, na moja iliuzwa kwenye mnada London mwaka 2010 kwa zaidi ya pauni milioni 7. Hicho ni cha makumbusho na matajiri wakubwa.

Njia nne zenyewe

Ya kwanza ni kitabu cha Thomas Bewick cha ndege wa Uingereza, juzuu mbili zilizochapwa Newcastle: ndege wa nchi kavu mwaka 1797, ndege wa majini mwaka 1804. Ya pili ni kazi ya mchungaji Francis Orpen Morris kuhusu ndege wa nchi hiyohiyo, juzuu sita zilizokamilika mwaka 1857, picha zake zikiwa zimechapwa na Benjamin Fawcett katika mji mdogo wa Driffield, Yorkshire. Ya tatu si kitabu kizima: ni kununua karatasi mojamoja zilizotolewa kwenye vitabu vya John Gould, vya Audubon au vya mtaalamu wa ndege George Ernest Shelley. Ya nne inatuhusu moja kwa moja, nayo ni juzuu tatu za Sir Frederick Jackson kuhusu ndege wa Kenya na Uganda, zilizotoka London mwaka 1938.

Vigezo

Nitazipima kwa mambo matano: picha ilivyotengenezwa na inavyoonekana kwa karibu, maandishi yana faida gani kwa msomaji wa leo, bei na upatikanaji, urahisi wa kukagua kama kitu ni halisi na kamili, na uvumilivu wake katika nyumba zetu. Faida ya kuuza baadaye sikuiweka. Bei za vitabu vya kale hupanda na kushuka kwa kufuata mapenzi ya wanunuzi wa London na New York, na anayenunua kwa hesabu hiyo ajue anafanya biashara, nayo ina kanuni zake.

Picha

Hapa nitakaa, kwa sababu picha ndiyo inayotufanya tuvitafute vitabu hivi.

Bewick alichonga. Alichukua kipande cha mti mgumu sana, kilichokatwa kukingama ili uso wake uwe ule wa ncha za nyuzi, akachonga kwa kifaa chembamba cha chuma ambacho wachongaji wa shaba hutumia. Penye mchongo panabaki peupe, palipoachwa panashika wino. Maana yake Bewick alikuwa akitoa mwanga kutoka gizani. Weka lenzi juu ya manyoya ya bundi wake uone: kila unyoya una mistari myeupe isiyozidi unene wa uzi, na hakuna mistari miwili iliyolingana. Alipotaka miti ya mbali ionekane hafifu, aliukwangua uso wa kibao mahali hapo ushuke kidogo, ili mashine iuguse kwa wepesi. Rangi hakuna hata tone, na baada ya muda huikumbuki.

Kisha kuna vile vichoro vidogo alivyoweka mwishoni mwa habari za ndege, ambavyo mara nyingi havina ndege kabisa. Kimoja kinaonyesha mtu anayevuka mto akiwa ameshika mkia wa ng'ombe wake ili asilipe ushuru wa daraja, huku kofia yake ikipeperushwa na upepo. Kimeingia kwenye nafasi isiyozidi kadi ya posta, na ndani yake mna umaskini wa mashambani, ubahili na hali ya hewa ya siku hiyo. Kwangu mimi hivyo peke yake ni sababu ya kununua kitabu.

Picha za Morris nazo zilianzia kwenye kibao cha mbao, ila zilikusudiwa rangi tangu mwanzo. Fawcett alichonga na kuchapa, na kundi la wapaka rangi likamalizia kwa brashi, karatasi baada ya karatasi. Ndege wake wamesimama kidogo kama wamepigwa picha ya pasipoti. Hawana uhai wa ndege wa Bewick. Lakini rangi zenyewe, bluu ya mdiria, wekundu wa kifua, bado zinang'aa kwa namna inayoshangaza kwa kazi iliyouzwa kwa watu wa kawaida kwa sehemu za kila mwezi. Na kwa kuwa picha ni zaidi ya 350, kila ukifungua unapata ndege ambaye hukumtazama vizuri mara iliyopita.

Karatasi za Gould ni jambo jingine kabisa. Hizi ni chapa za jiwe: msanii alichora kwa kalamu ya mafuta juu ya jiwe la chokaa lililolainishwa, jiwe likaloweshwa maji, na wino wa mafuta ukashika palipochorwa tu. Ndiyo maana mstari wake una chembechembe laini kama za penseli. Rangi ikafuata kwa mkono. Katika kitabu chake cha ndege wavumaji wa Amerika, wale wadogo waitwao hummingbird kwa Kiingereza, kilichotoka kati ya 1849 na 1861 kikiwa na picha 360, koo zinazometameta ziliwekewa utando wa dhahabu chini ya rangi ang'avu. Ukiinamisha karatasi dirishani, koo linawaka. Picha ya mnada kwenye kioo cha simu haiwezi kukuonyesha hilo. Inafaa pia kukumbuka kwamba Gould mwenyewe alikuwa zaidi mpangaji wa kazi na mchora mfano wa awali. Mkewe Elizabeth, Edward Lear, Henry Constantine Richter na wengine ndio waliochora kwenye mawe, na Elizabeth alifariki mwaka 1841 kabla kazi kubwa nyingi hazijatoka.

Kwa msomaji wa Afrika Mashariki kuna karatasi za Shelley kuhusu jamii ya chozi, kitabu cha 1876 hadi 1880 chenye picha 121 zilizochorwa na Mholanzi Johannes Gerardus Keulemans. Chozi unaowaona kwenye maua ya bustani yako wamo humo, dume na jike kwenye tawi moja, wamepakwa rangi kwa mkono. Audubon naye ana toleo dogo, juzuu saba za 1840 hadi 1844 zenye picha 500 zilizochapwa kwa jiwe huko Philadelphia, na karatasi zake ndizo njia ya kawaida ya mtu kumiliki Audubon wa wakati wake.

Jackson hawezi kushindana nao kwa picha. Kufikia 1938 rangi zilichapwa kwa mashine, na picha za rangi ni chache mno ukilinganisha na wingi wa kurasa. Nyingine ni michoro ya wino mweusi ndani ya maandishi. Ni picha safi na sahihi za kumtambua ndege. Anayetafuta mkono wa msanii juu ya karatasi hatoupata humo.

Maandishi

Mambo yanageuka hapa, na Jackson ndiye aliye mbele. Alifika pwani ya Lamu mwaka 1884 akiwa mwindaji, baadaye akawa mtumishi wa serikali ya kikoloni na mwisho Gavana wa Uganda, na miaka yote hiyo aliandika alichokiona porini. Alifariki mwaka 1929 kazi haijaisha, na mtaalamu wa ndege William Lutley Sclater akaikamilisha. Kurasa zake zaidi ya 1,500 zina ndege tunaowajua: hondohondo, kwarara, kanga, keremkerem, na yule ndege mweusi wa nyanda za juu za Kenya ambaye dume lake hurukaruka juu ya nyasi wakati wa kutafuta jike, ambaye Wazungu walimpa jina la Jackson mwenyewe. Majina mengi ya kisayansi yamebadilika tangu hapo, na lugha ya mtawala wa kikoloni imo humo waziwazi, isomwe hivyo. Lakini anayetaka kujua ndege fulani alikuwa wapi miaka mia iliyopita, kabla ya mashamba na miji, atarudi kwake mara kwa mara.

Maandishi ya Bewick ni mafupi na ya wazi. Juzuu ya kwanza kwa sehemu kubwa iliandikwa na mshirika wake Ralph Beilby, na wakagombana kuhusu nani atajwe kuwa mwandishi. Ya pili Bewick aliishughulikia mwenyewe. Humo utamkuta mbayuwayu, yule yule anayeondoka Ulaya baridi ikikaribia na kuja kukaa kwetu, akielezwa na watu ambao hawakuwa na hakika anakokwenda.

Morris anaandika kama mchungaji anayehubiri. Ana maneno mengi, ana visa alivyoletewa kwa barua na watu wa kila aina, na hakuvichuja sana. Aliwahi kumsifu dunnock, ndege mdogo wa kahawia wa kwenye vichaka, kuwa mfano wa maisha ya unyenyekevu ambao watu wangepaswa kuufuata. Watafiti wa Cambridge wa karne ya 20 waligundua kwamba jike la ndege huyo aghalabu huwa na madume mawili kwa wakati mmoja. Kisa hiki husimuliwa sana, na kinakuonya jinsi ya kumsoma Morris: mpende kwa shauku yake na kwa kupigania kwake ulinzi wa ndege, ila usimnukuu kama ushahidi.

Karatasi mojamoja haina maandishi. Gould aliandika maelezo kwa kila ndege, na kitabu kinapokatwa maelezo hayo hutupwa au huuzwa kwa bei ya karatasi chakavu. Hilo linanikera, nami nitalirudia kwenye bei.

Bei na upatikanaji

Bewick ana faida moja kubwa: alichapwa tena na tena. Matoleo yalifika la nane mwaka 1847, mengi yakiwa yametoka akiwa hai, kwa sababu vibao vyake vilistahimili kuchapwa maelfu ya mara. Toleo la kwanza lenye jalada zuri ni ghali. Toleo la 1826 au 1832 lenye mgongo uliochoka ni jambo jingine, na picha zake ni za vibao vilevile. Jihadhari tu: toleo moja lilichapwa kwenye karatasi za ukubwa tofauti, na bei hufuata ukubwa.

Morris kamili wa juzuu sita hupatikana bila shida kubwa, kwa kuwa aliuzwa sana. Chapa za baadaye, ya 1870 na ya 1891, ziliongezewa picha na hazina bei ya ile ya kwanza. Gharama inayosahaulika ni usafirishaji. Juzuu sita ni mzigo, na ushuru wa forodha uliza kabla hujalipa, si baada ya kifurushi kufika.

Karatasi mojamoja ndizo zenye bei za kila namna. Karatasi ya Morris iliyokatwa utaipata kwa pauni chache. Ya toleo dogo la Audubon huanzia makumi ya dola na kupanda kufuatana na umaarufu wa ndege. Ya Gould huenda mamia, na wale wavumaji wenye dhahabu hupita hapo. Bundi, tai na kasuku ni ghali; ndege wadogo wa kahawia, hata wakichorwa vizuri namna gani, hawana wanunuzi wengi. Mwenye jicho atafaidika na udhaifu huo wa soko.

Ila ujue karatasi hiyo imetokaje. Nyingine zilitoka kwenye vitabu vilivyokuwa vimeshaharibika, na kuziokoa ni jambo jema. Nyingine zilitoka kwenye vitabu vizima vilivyokatwa kwa wembe kwa sababu picha mia tatu zikiuzwa mojamoja huleta fedha kuliko kitabu kimoja. Kila mnunuzi asiyeuliza anaichochea biashara hiyo. Muulize muuzaji chanzo chake. Mwaminifu atakujibu, na asiyejibu pia amekujibu.

Jackson huonekana kwa nadra, na zikionekana juzuu zote tatu pamoja usitarajie bei ya mtumba. Afadhali umvizie taratibu, ukiwaachia ujumbe wauza vitabu vya zamani wa Nairobi na wa Uingereza.

Kukagua

Nunua lenzi ya kukuza mara kumi kabla ya kununua kitabu chochote. Ukiweka lenzi juu ya picha inayodaiwa kuwa ya karne ya 19 ukaona vitone vidogo vilivyopangana kwa safu, hiyo ni chapa ya mashine ya baadaye. Rangi iliyopakwa kwa mkono hukaa juu ya karatasi bila usawa. Mahali imejikusanya, mahali imevuka mstari kidogo. Picha za karatasi kubwa za Audubon zilichapwa kwa bamba la shaba, na bamba hilo huacha alama ya mfinyo pembeni mwa picha unayoweza kuihisi kwa kidole. Karatasi zake huwa na alama ya maji, yaani jina la mtengeneza karatasi J. Whatman lililomo ndani ya karatasi yenyewe, ambayo huonekana ukiielekeza kwenye mwanga. Chapa za jiwe za Gould hazina mfinyo huo, kwa hiyo usimlaumu muuzaji kwa kuukosa.

Kwa Morris kazi ni kuhesabu. Kila juzuu ina orodha ya ndege wake. Pitia ukurasa kwa ukurasa uhakikishe kila ndege ana picha, kwa maana nakala nyingi zimenyofolewa picha mbili tatu zikaenda kwenye fremu. Ukiwa unanunua kwa mbali, dai kwa maandishi kwamba picha zote zimo. Tovuti ya Biodiversity Heritage Library ina nakala za kidijitali za vitabu vingi vya aina hii, bure, na ndiyo msaada bora wa kulinganisha ukurasa unaouziwa na ukurasa unaopaswa kuwa.

Kwa Bewick, matoleo hutambuliwa kwa ukurasa wa mbele, lakini wakusanyaji wanaojua hutazama pia vichoro vidogo. Katika juzuu ya ndege wa nchi kavu kuna kichoro cha ua la shamba chenye choo, na mtu anaonekana amekaa humo. Kilizua malalamiko. Baadhi ya nakala zikapakwa wino mahali hapo, na baadaye vipande vya mbao vikaongezwa kwenye mchoro kumkinga. Nakala ambayo mtu huyo bado anaonekana wazi ni ya mwanzo.

Kwa Jackson ukaguzi ni mwepesi: juzuu tatu ziwepo, picha za rangi ziwepo, ramani iwe haijachanika. Karatasi mojamoja ndizo ngumu kuliko zote kwa anayeanza, kwa sababu hakuna ukurasa wa mbele wa kukuongoza, na michoro ya Audubon imeigwa sana. Lipo hata toleo la kuiga la ukubwa kamili lililotolewa Amsterdam miaka ya 1971 na 1972, nakala 250, zuri na lenye thamani yake, ila linapouzwa karatasi mojamoja na watu wasio waaminifu hugeuka mtego.

Kuishi navyo pwani na bara

Unyevu ukizidi asilimia 65 kwa muda, ukungu huanza kuota kwenye karatasi. Zanzibar, Tanga, Mombasa na Dar es Salaam hupita hapo sehemu kubwa ya mwaka. Mende hupenda gundi ya unga iliyo kwenye migongo ya majalada, na mchwa hawahitaji utambulisho. Kitabu kikae kwenye kabati inayopitisha hewa, mbali na ukuta wa nje, kifunguliwe mara kwa mara, wala kisifungwe kwenye mfuko wa plastiki ambao utafungia unyevu humohumo.

Bewick ndiye mvumilivu kuliko wote. Karatasi ya wakati wake ilitengenezwa kwa matambara ya pamba na kitani, na wino wake mweusi haupauki. Atapata madoa ya kahawia, lakini picha itabaki.

Morris na karatasi za rangi zina maadui wawili. Mwanga wa jua hufifisha rangi za maji, na Nairobi yenye baridi nzuri ina jua kali vilevile. Hewa chafu nayo hugeuza nyeupe iliyotengenezwa kwa madini ya risasi kuwa kijivu au nyeusi. Ukiona ndege mwenye kifua kilichoingia weusi usioeleweka, mara nyingi sababu ni hiyo. Kitabu kilichofungwa kina nafuu kubwa hapa, kwa kuwa giza la kabati limelinda rangi kwa zaidi ya karne. Karatasi iliyo ukutani haina kinga hiyo. Iwekwe kwenye fremu yenye kioo cha kuzuia miale ya jua, nyuma yake iwe kadi isiyo na asidi, na itundikwe ukuta usiopigwa na jua.

Jackson ana tatizo la karatasi. Picha za rangi za enzi yake aghalabu zilichapwa kwenye karatasi laini inayong'aa, na karatasi hiyo ikilowa kurasa hugandana zisiachane tena. Bomba likipasuka, Bewick unaweza kumkausha. Jackson huenda umempoteza.

Jambo moja la afya: majalada ya kitambaa cha kijani kibichi cha miaka ya 1840 hadi 1860 huweza kuwa na aseniki. Usiyaache mikononi mwa watoto, na nawa mikono baada ya kuyashika.

Ukiwa katika hali hii, fanya hivi

Kama bajeti ni ndogo na unaishi pwani, Bewick wa toleo la baadaye ni chaguo lisilokutia wasiwasi. Atakufaa pia wewe unayechora au kuchonga, kwa maana kila ukurasa ni darasa.

Kama nyumbani kuna watoto au wazee mnaoketi pamoja kutazama picha, Morris wa 1870 au 1891 atatumika zaidi ya mwingine yeyote. Ana rangi, ana ndege wengi, na juzuu ikipata mkunjo moyo haupasuki. Tafuta seti iliyokamilika hata kama majalada yamechakaa, badala ya majalada ya kupendeza yenye picha pungufu.

Kama unataka kitu kimoja cha ukutani na unajua huna nafasi wala nia ya kujaza kabati, nunua karatasi moja, iwe nzuri, kwa muuzaji anayekupa risiti yenye jina la kitabu, mwaka na chanzo. Kwa nyumba ya Afrika Mashariki ningetafuta chozi wa Keulemans kabla ya mvumaji wa Gould; ni ndege ambaye mgeni wako atamtambua.

Kama wewe ni mwongoza watalii, mtafiti, mwalimu, au mtu unayeandika orodha ya ndege kila safari, subiri Jackson. Ukimsubiri, msome kwanza kwenye maktaba. Nairobi, mkusanyiko wa vitabu vya makumbusho na wa chama cha historia ya asili kilichoanzishwa mwaka 1909, ambacho Jackson alikuwa mmoja wa waanzilishi wake, ndipo mahali pa kuanza kuulizia.

Kama fedha haipo kwa sasa, usinunue chapa mpya iliyopakwa chai ionekane ya kale. Pakua kurasa kutoka maktaba ya kidijitali, jifunze kutofautisha chapa ya mbao na ya jiwe, jua majina ya wachoraji. Siku fedha ikipatikana utanunua kwa macho yako, si kwa maneno ya muuzaji.

Na kama kitabu cha namna hii umekirithi na mgongo umeachana na kurasa, usikibandike kwa selotepu wala gundi ya dukani. Kifunge kwa utepe wa pamba, kilaze badala ya kukisimamisha, kisha utafute mfungaji vitabu anayejua kazi za kale. Muulize kwanza kama gundi anayotumia inaweza kuondolewa baadaye kwa maji. Akisema haiwezi, chukua kitabu chako uende kwa mwingine.